Kape wa Bibi Maximilla

Cleophas alikuwa ameshaozesha vijana arobaini na mmoja. Kati ya ndoa hizo ni tatu tu zilizovunjika, na hata hizo yeye alisema hazikuvunjika, zimepumzika. Ukitaka kuoa pale Kibondo unakwenda kwa Mungu, kisha kwa Cleophas; wenye haraka walianza na Cleophas. Alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa na mshenga, mrefu, mwenye koti la kahawia lililohudhuria posa nyingi kuliko mchungaji yeyote wa wilaya, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui".

Ndiyo maana Mzee Nkunzimana wa Kitahana, alipotaka kumposea mwanawe Irakoze, hakutafuta mwingine. Irakoze alikuwa fundi simu, kijana mpole mwenye vidole vyembamba na maneno machache. Msichana mwenyewe, Claudine, alikaa kijiji kimoja nje kidogo ya Kasulu na bibi yake, Maximilla, aliyemlea tangu akiwa hajaota meno. Walijuana wakati Irakoze akijifunza ufundi Kasulu. Claudine alipeleka simu ya bibi itengenezwe, na ikachukua miezi mitano kupona. Simu yenyewe ilikuwa ya vitufe.

Kwetu huku posa ni mashindano ya maneno. Kila upande una msemaji mmoja, na msemaji akishasimama yuko peke yake. Akigeuka nyuma kuwauliza wenzake jambo lolote, hata dogo, anatozwa kreti ya soda, na soda zikishanyweka aibu hubaki. Cleophas hajawahi kugeuka nyuma. Siku ya posa ya Claudine, msemaji wa wenyeji, Ndayikunda, baba mdogo wa Claudine, alimtega kwa mafumbo ya ng'ombe, akamtega kwa mafumbo ya mbuzi, na Cleophas akayatatua yote huku akifuta jasho kwa leso kama mtu asiye na haraka. Kufikia saa nane mchana kila kitu kilikuwa kimekwisha, ikabaki haki ya bibi tu.

Haki ya bibi inajulikana: ni blanketi. Wenye uwezo huongeza shali. Blanketi na shali vilikuwa vimeshanunuliwa, vimo kwenye buti la gari, na Ndayikunda aliuliza kwa kutimiza desturi tu. "Mama, sema unachotaka, wageni wasikie."

Bibi Maximilla alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha mbele, mwili mdogo, macho makali. "Blanketi ninalo," akasema. "Nataka kula kape."

Watu wakatazamana.

"Kape wa bwawani kwa padri," akaendelea bibi. "Mzima, na magamba yake. Avuliwe kwa ndoano, kama padri alivyokuwa akimvua. Sitaki wa nyavu, sitaki wa sumu, sitaki wa kununua. Nikishamla mpaka nikammaliza, ndipo nitakapotoa neno langu. Mwezi huu ukiisha hamjamleta, ng'ombe wenu mkachunge wenyewe na mtoto wangu abaki hapa."

Hapo mtu mwenye akili angeomba maji ya kunywa ili apate kufikiri. Nyuma yake Mzee Nkunzimana alikohoa mara tatu, kikohozi cha mtu anayeomba kutazamwa. Cleophas hakugeuka.

"Hilo tu, Bibi?" akasema, akicheka. "Na sisi tulidhani utatuomba kitu!"

Wenyeji walicheka mpaka wengine wakatoka nje kushika ukuta. Cleophas alidhani wanacheka utani wake.

Ukweli aliupata garini, wakirudi Kibondo, na aliyempa ni Mzee Nkunzimana, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Bwawa lile lilichimbwa zamani na padri mmoja nyuma ya misheni ambayo sasa imebaki kuta. Padri alileta samaki kutoka upande wa Burundi, wanono, wenye magamba makubwa ya rangi ya dhahabu na vijisharubu pembeni mwa mdomo. Kwa Kifaransa chake aliwaita kape, na watu wakafuata hivyo hivyo. Padri alipoondoka, samaki walibaki, wakanenepa, wakaerevuka. Nyavu haziingii kwa sababu ya visiki vilivyojaa chini. Na kwa ndoano, kape wa mwisho alivuliwa miaka tisa iliyopita, na aliyemvua amekufa.

"Mdomo umeponza kichwa," alimalizia Mzee Nkunzimana, "na kichwa chenyewe ni cha mwanangu."

Irakoze, aliyekuwa amekaa nyuma na blanketi mapajani, aliuliza jambo moja tu. "Mzee, atapatikana?"

"Ameshapatikana," Cleophas alijibu. Kisha akatazama nje ya dirisha njia nzima. Aliogopa. Aliona haya pia, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuona haya, kwanza alidhani ni tumbo.

Kesho yake alikwenda kwa jirani yake Rashid. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeletwa Kibondo na serikali kutoka Pangani miaka saba nyuma, na katika miaka hiyo saba hakupita wiki bila kuwaambia watu wa milimani kwamba hawajui samaki. Dagaa akila, alisikitika. Perege akiletewa, alitikisa kichwa. Cleophas hakumweleza kwamba amekwama. Alimweleza kwamba amemteua.

"Mzee Cleophas, umefika," Rashid alisema, akajipiga kifua. "Mimi baba yangu mvuvi, babu yangu mvuvi. Samaki wa bwawani? Huyo tutamwita kwa jina."

Wakaenda dukani kwa Saady, anayeuza misumari, mbegu za kabichi, kamba, vitasa, na pale chini ya kaunta, kwenye kopo la maziwa ya unga, ndoano. Saady alimwaga kopo lote mezani. Zilikuwapo ndogo kama ukucha wa mtoto, zikaja za kati, na chini kabisa moja nene, ndefu kupita kidole gumba, yenye kutu shingoni.

"Hizi ndogo ni za watoto," Rashid alisema, akizisogeza kwa mgongo wa mkono. Akainyanyua ile kubwa, akaitazama dhidi ya mwanga. "Hii ndiyo ndoano. Hii kwetu tunavulia papa."

"Nzuri sana hiyo," Saady alidakia. "Ina miaka sita hapa dukani, haijawahi kulalamikiwa na mteja hata mmoja."

Cleophas alitaka kuuliza kama bwawani Kasulu kuna papa. Lakini kuuliza ni kukiri, basi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa na wazo hilo hilo. Mshipi walichukua wa nailoni ya bluu, unene wa kuvutia ndama. Risasi ya kuzamishia hawakuipata, Saady akawapa nati ya lori. Kwa chelezo, ile ya kuelea juu na kukuonyesha samaki akidokoa, walichukua chupa tupu ya maji. Fimbo ilikuwa mwanzi wa urefu wa mita nne, na walipoufunga kwenye pikipiki ya Irakoze, kuku wa mtaa mzima walihama njia.

Irakoze mwenyewe alikuwa amekaa usiku kucha na simu yake, anaangalia video za Wazungu. "Mzee, huyu bwana amekaa kwenye kiti, ana fimbo tatu, na kila fimbo ina kengele," alimwonyesha Cleophas.

"Kengele ya nini?"

"Samaki akifika anaipiga."

"Kama mgeni?"

"Kama mgeni. Na ndoano yake ni ndogo, Mzee. Tazama, ndogo kabisa."

Rashid aliitupia simu jicho moja. "Mzungu huyo akimpata samaki anambusu halafu anamrudisha majini. Utajifunza nini kwa mtu wa namna hiyo?"

Jumamosi ya kwanza walianza na minyoo. Bwawa lilikuwa refu, limepinda katikati. Upande wa juu ndiko kwenye kina, kuna miti na kivuli, na huko ndiko wanaume wote hukaa. Walitupa ile nati ya lori majini, ikatoa kishindo, na ndege wote wa upande ule wakahamia Burundi. Wakangoja. Minyoo ikarudi mizima, imeoga tu. Wakaweka dagaa wa Kigoma, akaja kaa wa mtoni akawala huku akiwatazama. Wakaweka maini ya kuku. Rashid akasema kambare huvuliwa kwa sabuni ya kipande, kwa hiyo wakaweka sabuni, na kwa saa nzima bwawa likatoa povu zuri.

Saa saba hivi, hatua kumi tu kutoka chupa yao, kape aliruka. Aliruka mzima mzima, mnene kama mtoto wa mwaka mmoja, tumbo la njano likang'aa juani, akaanguka ubavu na kuwarushia maji usoni. Hakuwa anakimbia kitu. Cleophas, aliyefundisha darasa la saba kwa miaka thelathini, aliijua dharau anapoiona.

Jumamosi ya pili walibadilisha. Ugali wa mahindi uliokandwa kwa asali ya Kakonko: walikuja nyuki. Maharage ya kuchemsha: yalitoka kwenye ndoano kabla hayajagusa maji, maana kuchoma harage kwa ndoano ya papa ni kama kuchoma pilipili kwa jembe. Kumbikumbi wa kukaanga: Rashid aliwala mwenyewe ilipofika saa sita. Mwishowe Cleophas, kwa kukosa lingine, alishika kopo la minyoo kwa mikono miwili, akafumba macho, akaiombea kwa sauti. Aliomba vizuri, dakika nne, akataja mitume na ziwa Galilaya. Kitu pekee kilichonaswa siku ile ni suruali ya Rashid, kwa nyuma.

Jioni ile, Irakoze alianza kufungasha. Alikunja mshipi wa bluu taratibu, kama anavyokunja nyaya za chaja. Kisha akasema, "Mzee, zimebaki siku tisa," akainama, akajifanya anafunga kiatu. Cleophas hakuwahi kuwatazama sana hao aliowaozesha. Kazi yake ilikuwa maneno, na maneno yalikwisha saa nane mchana. Sasa akamtazama huyu kijana aliyeinama kwenye kiatu kisicho na kamba, na akatamani sana angekuwa ameomba maji ya kunywa siku ile.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya mwisho kabla mwezi haujaisha. Walikuwa wamekaa palepale kwenye kina, hakuna aliyemtazama mwenzake, Claudine alipopita na beseni kichwani.

Sasa ifahamike kwamba msichana anayeposwa haruhusiwi kuzungumza na upande wa waposaji mpaka bibi atoe neno. Si neno moja, si salamu. Claudine alisimama hatua tano kutoka kwao, akawapa mgongo, akashusha beseni lake chini, akaanza kuzungumza nalo.

"Beseni wangu wee," alisema kwa sauti ya kufika kanisani, "hivi wewe ungekuwa kape, na kimdomo chako kile kidogo kinachonyonya tu hakiumi, ungemeza jembe?"

Beseni halikujibu. Rashid alificha ndoano nyuma ya mgongo.

"Na tena, beseni, ungekuwa unashiba kila siku kule tunakoloweka muhogo, watu wanakuletea gunia zima, laini, limechacha vizuri, ungepanda huku juu kwenye baridi kufuata sabuni?" Akapumua. "Magunia yetu yanatobolewa kila wiki. Wenzangu wanasema ni panya wa majini. Mimi nimewaona panya wenyewe. Wana magamba ya dhahabu." Akafunua kitambaa, akachomoa bonge la muhogo uliovundikwa, lile ambalo wazee huliita ikivunde, jeupe, lenye harufu ya kutoa machozi, akaliweka juu ya jiwe. "Nitakuwa mpumbavu nikilisahau hili hapa," akaliambia beseni. "Na ningekuwa na uzi ningelifunga nao, maana majini halishiki." Akavuta uzi mrefu kwenye pindo la kitenge chake, ukaanguka chini bahati mbaya. Akajitwika beseni, akaondoka bila kugeuka.

Wanaume watatu waliliinamia lile bonge, wakalinusa.

"Upande wa wanawake," Rashid alisema.

Na hapo ndipo penye kisa. Bwawa lile lina ncha mbili, na ncha ya chini, penye maji mafupi, ni ya wanawake. Huko wanaloweka muhogo, wanafua, wanaoga, wanawasema waume zao. Mwanamume hakanyagi. Kwa miaka tisa wanaume wa pale walikuwa wamekaa upande wa juu na minyoo yao, wanajadili akili za kape, na samaki wote wako chini wanakula chakula cha mchana. Hakuna mwanamume aliyekwenda kuangalia, na hakuna aliyeuliza. Ungemuuliza nani, mkeo?

Irakoze alipanda pikipiki mpaka sokoni Kasulu, akarudi na ndoano ndogo mbili na mshipi mwembamba usioonekana. Akakaa chini, na vile vidole vinavyoshika skrubu zisizoonekana kwa macho vikafinyanga tonge la muhogo dogo kama jicho la mbuzi, vikalizungushia uzi wa kitenge mara saba, vikaacha ncha ya ndoano imechungulia nje kidogo. Chupa ya maji wakaitupa. Kwa chelezo aliweka kijiti cha bua la mtama. Rashid aliangalia kazi yote ile bila kusema, na kwa mtu kama Rashid hilo ni pongezi.

Kilichobaki kilikuwa cha Cleophas, maana mlango wa kule hauingiliki bila msemaji. Alifunga vifungo vya koti, akashuka. Wanawake kumi na wawili waliacha kufua.

"Bwakeye, mwalimu," alimsalimia mmoja, mama wa makamo mwenye mikono ya povu, aitwaye Esteria. "Umepotea?"

"Sijapotea. Nimekuja kwa heshima zote kuomba..." na Cleophas akafungua ile hotuba yake ya desturi, yenye mito na milima na ndege wawili juu ya tawi. Esteria alimwacha afike kwenye ndege wa pili.

"Unataka kuvua hapa."

"Ndiyo."

"Wiki tatu mmekaa kule juu na sabuni. Kwani huko hakuna samaki?"

Cleophas alifikiria majibu sita, yote mazuri. Nyuma yake Irakoze alisimama na mwanzi, anamngoja.

"Sijui," Cleophas alisema.

"Husikiki."

"Sijui!" alipaza sauti. "Sijui wako wapi, sijui wanakula nini, sijui chochote kuhusu kape, na siku ile nilisema uongo!"

Wanawake walipiga vigelegele kama wamemwona bwana harusi. Yoo, Esteria alikaa chini kabisa kwa kicheko, akafuta macho kwa bega. Kisha wakasogeza nguo zao, wakawaonyesha penye magunia, na wakakaa ukingoni kutazama, maana burudani Kasulu si nyingi.

Kijiti kilielea kidogo tu. Kikatikisika, kikalala, kikazama bila kelele. Irakoze alivuta, na kitu kule chini kikamvuta yeye. Mwanzi ulipinda mpaka ukalia. Samaki alizunguka gunia la kwanza, akazunguka la pili, akaelekea kwenye visiki, na mshipi mwembamba ukaanza kukata vidole vya Irakoze, damu ikatoka, hakuachia. Ndipo Rashid, mjukuu wa wavuvi, alipopiga kelele "Namuona!" akajirusha majini na viatu vyake. Maji yalimfika magotini. Aliteleza, akaanguka juu ya samaki, akamkumbatia, na wote wawili wakagaagaa mpaka juu ya shuka nyeupe ya Esteria iliyokuwa imeanikwa majanini.

"Utaifua wewe," Esteria alimwambia Rashid. Akaifua.

Kape alikuwa na kilo sita hivi. Walimbeba kwenye gunia bichi mpaka kwa Bibi Maximilla, na kijiji kikafuata nyuma. Ndayikunda akaitwa, Mzee Nkunzimana akapigiwa simu akaja na gari kwa mwendo ambao hata yeye hakuusimulia. Cleophas alikuwa amerudishiwa sauti yake. Aliingia uani amemnyanyua samaki kwa mikono miwili, akatoa maneno yaliyowafanya hata waliomcheka siku ile wapige makofi. Hii ilikuwa posa ya arobaini na mbili, na aliona ni tamu kuliko zote.

Bibi Maximilla hakupiga makofi. Alimtazama samaki kwa muda mrefu, kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtarajia. Akaomba kisu, akaanza kumpaa mwenyewe, magamba yakamrukia usoni na kwenye nywele. Akampasua tumbo. Ndani ya utumbo alikuta muhogo mweupe, haujasagika bado, umezungushiwa uzi. Akaushika kwa vidole viwili, akaunusa, akaunusa tena.

"Huu ni wangu," akasema.

Cleophas hakushtuka, hakuna mshenga asiye na uongo wa akiba. "Bibi, muhogo ni muhogo. Huu tuliununua sokoni Kasulu, kwa mama mmoja mwenye..."

"Mwalimu, hapa kijijini wote wanavundika siku tatu. Mimi ninavundika siku tano, kama mama yangu. Nimeula maisha yangu yote, nitaacha kuujua leo? Nani aliwapa?"

Cleophas alivuta pumzi. Alikuwa na mama wa sokoni tayari, na jina lake, na watoto wake.

"Mzee, acha," alisema Claudine. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeshikana. "Ni mimi, Nyogokuru," akamwambia bibi yake.

Bibi hakumtazama; alitazama kisu.

"Ulikwenda kuwaonyesha."

"Ego," Claudine akakubali.

"Kwa hiyo unataka kwenda."

"Nataka kwenda," Claudine alisema, na machozi yakamshuka waziwazi mbele ya watu. "Na sitaki kukuacha. Yote mawili nayataka, na hayawezekani."

Bibi Maximilla akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na mtu ndani. "Na mimi nilijua kuchagua," akasema. "Ningesema ng'ombe kumi, wangeleta. Ningesema bati za nyumba, wangeleta. Nikafikiri usiku mzima, nikatafuta kitu kisichovulika." Akampiga samaki kofi la ubavuni. "Huyu hata sijawahi kumla. Padri alikuwa anakula mwenyewe. Sisi alitupa picha za watakatifu."

Hapo Cleophas alielewa alichokuwa akishindana nacho wiki tatu zote. Alidhani ni fumbo la posa, yeye na wenyeji, nani mjanja zaidi. Kumbe alikuwa anavutana na kikongwe mmoja kuhusu nani atamwitikia akiita asubuhi. Neno zuri la kumfariji lilimjia, kisha jingine zuri zaidi. Akayameza yote mawili.

Haki ya bibi hailiwi na mwingine. Samaki alipikwa kwa mawese na nyanya, akawekwa mbele yake peke yake, na watu wote wakakaa kungoja, maana neno lingekuja atakapommaliza. Bibi Maximilla alianza na mkia. Alikula taratibu. Kila mwiba aliutoa, akaunyonya, akauweka ukingoni mwa sahani, akaupanga sawa na wenzake. Akaomba chumvi, ikaletwa. Akapumzika. Kilichobaki jioni akakifunika, akasema atakimaliza kesho, na wageni wakalala kwa Ndayikunda. Kesho yake baada ya ibada akaendelea, kuanzia penye tumbo.

Desturi inamruhusu msemaji kuhimiza. Ni sentensi fupi tu, "Bibi, wageni wana safari," na mlaji anapaswa kutema neno. Mzee Nkunzimana alimwonyesha Cleophas saa. Rashid alimkanyaga mguu. Ndayikunda mwenyewe, msemaji wa upande wa pili, alimpa ishara kwamba sasa ni haki yake. Cleophas alikaa, mikono magotini, mdomo umefungwa, na hakumhimiza.

Alipofika kwenye kichwa, bibi alikipasua, akachagua nyama ya shavuni, ile laini kabisa. Akamwita Claudine, akamlisha kwa mkono wake kama anavyolishwa mtoto. Kisha akanyonya mifupa ya kichwa mpaka ikawa mikavu, akafuta vidole kwenye khanga.

"Ana tope," akasema. "Mchukueni mtoto. Lakini si sasa hivi. Sasa hivi kuna vyombo vya kuosha."

Vyombo vyenyewe vilikuwa sufuria moja na sahani moja. Claudine alivichukua, akaenda navyo nyuma ya nyumba, na bibi akanyanyuka taratibu akamfuata. Walikaa huko muda mrefu sana, maji yanasikika yakimwagwa na kuchotwa tena, na uani hakuna aliyewaita.